Shangazi, huyu Durkheim ananihusu nini?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Niko mwaka wa kwanza chuo kikuu hapa Dar es Salaam. Kidato cha sita nilisoma HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), nikaomba sheria, nikapangiwa sosholojia, elimu ya jamii. Kozi inayonitesa ni ile ya misingi ya sayansi za jamii. Kila wiki ni waasisi wa fani: Comte, Marx, Durkheim, Weber. Wote Wazungu, wote wameshakufa, na mhadhiri anatusomea slaidi tu. Wenzangu wanakariri madesa (notisi za kurithishana) ya mwaka jana na wanafaulu. Baba kila akipiga simu ananiuliza, "Ukimaliza utakuwa nani?" Sina jibu. Nihame kozi au nivumilie?
*Kijana wa Kahama*

JIBU: Marahaba mwanangu. Tuanze na baba, maana naona ndiye anayekunyima usingizi, Durkheim anasingiziwa tu. Mwambie ukweli: wanaotoka huko huwa maafisa maendeleo ya jamii kwenye halmashauri, watafiti, watu wa miradi ya maji na afya, na wengine utawakuta benki. Mwambie pia kwamba nafasi za halmashauri zikitangazwa waombaji hufurika. Usimfiche hilo, atalisikia kwa jirani. Anayepenya ni yule anayeweza kutumwa kijijini, akauliza watu maswali ya maana, akarudi na jibu linaloaminika na kuliandika kurasa tano zinazosomeka. Kwenye madesa hilo halimo.

Sasa hao marehemu wako. Nimesimamia semina za mwaka wa kwanza hadi nimestaafu, na najua mnavyofundishwa: "Durkheim alisema hivi, Weber akasema vile," kama mashahidi wa kesi ambayo hamkuelezwa inahusu nini. Mimi nilikuwa naanzia kwenye kilichomkera mtu mwenyewe.

Durkheim alikuwa mwalimu Bordeaux, mji wa bandari kule Ufaransa. Kilichomkera ni hiki: mtu akijiua, watu husema ni huzuni zake, siri yake na Mungu wake. Lakini ukifungua kumbukumbu za serikali za Ulaya, unakuta kiwango cha kila nchi hakibadiliki sana mwaka hadi mwaka, ilhali wanaokufa ni watu tofauti kabisa, wasiojuana. Siri za watu binafsi zinawezaje kutoa hesabu inayofanana? Mpwa wake, Marcel Mauss, akapewa kazi ya kuchambua majalada ya watu wapatao 26,000: umri, jinsia, kama ana ndoa, kama ana watoto. Kitabu kikatoka 1897. Waprotestanti walionekana kujiua zaidi kuliko Wakatoliki, na wasio na ndoa zaidi kuliko walio nayo. Durkheim akasema chanzo kiko kwenye namna watu walivyofungamana na wenzao, si ndani ya kichwa cha mmoja mmoja.

Usiishie hapo. Waliokuja baadaye walimuuliza: nani aliandika hizo kumbukumbu? Familia ya Kikatoliki inayoogopa aibu haiwezi kumwomba karani aandike "ajali"? Ubishi huo haujaisha, na mhadhiri akiandika "Jadili" kwenye mtihani, huo ndio anaoutaka. Desa litakupa nusu ya kwanza tu.

Unaona ni mambo ya Ufaransa? Mwaka 1988 nilikuwa karani wa sensa, Magomeni. Nyumba ya Kiswahili unaijua: ukumbi katikati, vyumba sita, uani jiko na choo. Naulizwa kuna kaya ngapi. Maelekezo yalisema kaya ni wanaoishi pamoja na kula pamoja. Haya, bibi mzee analala chumba chake peke yake lakini sahani yake inatoka kwa mwanawe. Vijana wawili wamechangia kitanda na kodi, ila kila mmoja anakula kwa mama ntilie wake. Baba mwenye nyumba ana mke wa pili Temeke; anaandikwa alikolala usiku wa sensa, na si wote waliotaka kulisema hilo mbele ya mke aliyepo! Nimesimama mlangoni na kalamu, na uamuzi wangu ndio unaongeza au kupunguza kaya za nchi. Sensa ya 2022 ilitupa watu 61,741,120. Unapoisoma, kumbuka kila mmoja aliandikwa na karani aliyesimama mlangoni kwa mtu. Karani aliyeandika zile kumbukumbu za Durkheim naye aliamua hivyo hivyo.

Kuhusu Uzungu wao, una haki nusu. Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, aliandika kitabu chake, Mukadima, mwaka 1377, akieleza kwa nini watu wa jangwani walioshikamana huuangusha utawala wa mjini, kisha nao hulegea wakishaonja raha za mji. Comte hajazaliwa, bado zaidi ya miaka mia nne. Du Bois, Mmarekani mweusi, alipita nyumba kwa nyumba Philadelphia akiwahoji watu weusi wa mtaa mmoja, na mwaka 1899 akatoa kitabu ambacho kozi nyingi zilikiruka kwa miaka mingi. Yeye alizikwa Accra. Kenyatta kabla ya siasa kubwa alisoma anthropolojia London kwa mwalimu aitwaye Malinowski, akaandika juu ya Wakikuyu wenzake mwaka 1938. Na Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana, alifundisha hapo hapo Mlimani, kitabu chake kuhusu Ulaya ilivyoidumaza Afrika kikatoka 1972. Muulize mhadhiri wako kwenye semina kwa nini hawamo. Muulize kwa adabu, na uwe umeshamsoma Weber, asije akasema unatafuta njia ya kumkwepa.

Na ukimsoma, msomee mahali. Pale getini kwenu hakosi mama lishe aliye kwenye kikoba. Kula, lipa, kisha mdadisi. Nani anakubaliwa kuingia? Asiyelipa anafanywa nini? Kwa nini mshika sanduku hakimbii na hela wakati hakuna askari wala mkataba wa wakili? Hilo la mwisho ni swali la Durkheim. Marx angetaka kujua jiko na kibanda ni vya nani, na faida inaishia mfuko gani. Weber angemuuliza mama mwenyewe anaonaje anachokifanya: biashara, undugu, au ibada? Utaona majibu yao hayaelewani, na bado mama ni yule yule. Andika kurasa mbili juu yake kabla hujafungua slaidi. Nimesahihisha karatasi nyingi za madesa, zote zina makosa ya tahajia yale yale. Ya mama lishe ningeisoma hadi mwisho.

Kuhama: kama moyo uko kwenye sheria, nenda ofisi ya udahili wiki hii, maana dirisha la uhamisho halisubiri matokeo ya muhula. Uliza pia mkopo wako utakufuataje, kabla hujasaini chochote. Lakini kama unakimbia majina ya marehemu, sheria ina marehemu wengi zaidi, na wengine wanatajwa kwa Kilatini. Ushauri wangu ni ubaki.

SWALI: Shangazi, mimi nimejiunga na maendeleo ya jamii, nikaambiwa takwimu ni lazima. Hesabu kidato cha nne nilipata F. Nitapata sapu (mtihani wa kurudia)?
*Msomaji wa kike, Mwanza*

JIBU: Si lazima upate sapu. Takwimu za mwaka wa kwanza ni asilimia, wastani, kusoma jedwali, na kujua sampuli yako imechukuliwaje. Anayehesabu chenji sokoni anaanza vizuri. Kinachowaangusha wengi ni kuruka wiki tatu za mwanzo kwa woga, kisha kukuta wenzao wameshafika mbali. Kaa mbele, fanya mazoezi yote hata yasiyosahihishwa. Kikokotoo (cha hesabu, si kile cha mafao ya sisi wastaafu) nunua chako, usiazime siku ya mtihani.