Shafti au cheni kwa mkaazi wa pwani? Maswali ya wasomaji wa Tanga

SWALI: Asalaam aleikum wataalamu. Nakaa Raskazone, upepo wa bahari unaingia mpaka ndani. Nataka pikipiki kubwa ya safari ndefu, ya kunifikisha Dar na kunirudisha bila mgongo kuuma. Nimebakiwa na mbili za mtumba: Yamaha FJR1300 ya shafti (fimbo ya chuma inayozungusha gurudumu la nyuma badala ya cheni) na Kawasaki Z1000SX ya cheni. Fundi anasema shafti haina matunzo. Ni kweli? *Msomaji, Raskazone*

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yetu. Kwa hapo unapokaa chukua ya shafti, ila hilo neno la fundi liache kwake. Shafti haikusumbui kila wiki kama cheni, lakini ukiisahau hukudai kwa mkupuo, na difu ya nyuma, yaani kisanduku cha gia kwenye gurudumu, ni ghali.

Tuanze na adui wa cheni. Ndani ya kila kiungo kuna ringi ndogo za mpira zinazoifungia grisi. Chumvi ya bahari inapanda juu ya chuma, kutu inazikwaruza ringi, grisi inatoka na kiungo kinakakamaa. Zungusha gurudumu la nyuma taratibu: ukiona cheni inakaza mahali na kulegea mahali, viungo vimeshaanza kufa, na kuikaza zaidi ni kuua na beringi. Mwenye cheni pwani aioshe kwa mafuta ya taa na brashi laini, kamwe si petroli wala brashi ya waya, kisha aitie oili kila kilomita 500 hivi, baada ya safari, ikiwa ingali na joto.

Shafti yenyewe imejificha ndani ya mkono wa nyuma, chumvi haiifikii kirahisi. Bei yake ni uzito. Injini ya FJR imekaa kwa upana, kwa hiyo nguvu inakatishwa kona mara mbili, kwenye giaboksi na tena kwenye gurudumu, na kila kona inakula nguvu kidogo. Honda ST1100 ya mwaka 1990 iliikwepa kona moja kwa kuiweka krankishafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, kwa urefu wa pikipiki. Bado, kwa safari ndefu, tunaona uzito huo una faida yake.

Sasa matunzo. Oili ya difu ya FJR ni mililita 200 tu, ile nzito ya gia za haipoidi, zile za difu zenye meno ya mshazari. Ibadilishe kila kilomita 20,000 au miaka 2, lolote litakalotangulia. Endesha kwanza ipate joto, simamisha kwa stendi ya kati, mwaga, weka washa mpya ya boliti, jaza mpaka ukingo wa chini wa tundu la kujazia. Usizidishe: oili ikipata joto inatanuka, inaisukuma sili na kuvuja hadi kwenye tairi. Oili iliyotoka ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Ukiona vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole, usisafiri nayo.

Wengi wanachosahau ni meno ya kuchomekea gurudumu kwenye difu. Kila tairi ya nyuma inapotolewa, futa grisi ya zamani na upake grisi nzito ya molibdeni, tabaka jembamba. Ukikuta unga mwekundu kama wa matofali na meno yamechongoka, yamekuwa yakisagana makavu.

SWALI: Nikimpakia mama watoto na sanduku la nyuma likijaa, nikizidi 110 barabara ya Segera mkia unayumba kama nyoka. Tatizo ni fremu? *Msomaji, Ngamiani*

JIBU: Mara nyingi fremu haina kosa. Sanduku la juu liko nyuma ya ekseli, kwa hiyo linafanya kazi ya mtaimbo: linalemea nyuma na kuinyanyua mbele. Juu ya hapo linapigwa na upepo uliovurugwa na miili yenu.

Vitu vizito, yaani spana na maji ya kunywa, vishushe kwenye masanduku ya pembeni, kulia na kushoto uzito sawa. Juu libaki koti la mvua. Kaza springi ya shokapu ya nyuma kwa ajili ya abiria. Pima upepo tairi zikiwa baridi. Kwa FJR nyingi ni PSI 39 mbele na 42 nyuma. Tairi iliyolika katikati ikawa bapa, badilisha. Mwisho inua gurudumu la mbele uzungushe usukani polepole: ukihisi unanasa katikati, beringi za shingo zimekwisha.

Ikianza kuyumba njiani, punguza moto taratibu na ulegeze mikono. Usikamate breki kwa nguvu.

SWALI: Nikiteremka Lushoto kwenda Mombo, breki inakuwa laini mkononi. *Msomaji, Chumbageni*

JIBU: Mafuta ya breki yamenyonya maji ya hewani, na hewa yetu ina unyevu. DOT 4, daraja la mafuta ya breki, ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230. Ikishalowa inaweza kuchemka kwenye 155, na mvuke unabonyea. Mwaga yote, weka DOT 4 ya kopo ambalo halijafunguliwa, rudia kila miaka 2. DOT 5 ya silikoni usiichanganye. Na mteremko ule ushuke kwa gia ya pili au ya tatu, injini ndiyo ikushike. Breki ibonyeze kabla ya kona, kisha iachie ipoe.