Jibu: Mbona bango langu la dagaa halileti wateja?

Mkuu, umeuliza kwa nini watu wanalipita tu bango lako pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza. Nimeikuza picha uliyoweka: maandishi ya njano kwenye nyeupe, juani hayasomeki. Weka nyeusi juu ya njano. Halafu umeanza na "Sisi ni wauzaji bora". Nani hasemi hivyo? Anza na anachotafuta mnunuzi aliyetoka Kahama: "Dagaa wakavu, hawana mchanga", na bei ya gunia. Mchanga ndio kilio cha kila mtu, nawe sifa hiyo umeificha chini kwa herufi za sisimizi! Namba ya simu moja inatosha. Picha ya meli toa, huuzi tiketi. Kabla hujachapa, mwombe bodaboda asome akiwa ng'ambo ya barabara. Akikwama, punguza maneno.