Maswali na majibu: Zizi limejaa, daftari tupu

Meseji za mwezi huu nimezisoma zote. Zilizouliza bei ya ng'ombe mnada wa Pugu nimezifuta, kama nilivyoahidi mwezi uliopita na mwezi wa kabla yake. Bei ya leo muulize aliye mnadani leo.

Nina ng'ombe 120. Je, nimeshakuwa mfugaji wa kibiashara? (Msomaji, Kiteto)

Hiyo 120 mpe karani wa sensa. Mimi niambie wamezaa wangapi, wamekufa wangapi, umeuza wangapi na umetumia shilingi ngapi.

Majike 26 walizaa, ndama 22 wakafika kuachishwa kunyonya. Hiyo si asilimia 85? Jirani anabisha. (Msomaji, Handeni)

Jirani yuko sahihi, kamnunulie soda. Mwisho wa meseji umeandika mwenyewe kwamba dume alikaa na majike 40. Basi gawanya kwa 40, upate asilimia 55. Wale 14 wasiozaa hawakufunga mwaka mzima. Walikula malisho yale yale, wakaogeshwa josho lile lile, wakachungwa na kijana yule yule unayemlipa.

Tuseme kundi zima limekugharimu shilingi 6,600,000 kwa mwaka. Kila ndama aliyeachishwa amesimama 300,000. Wangekuwa 28 kwa gharama ile ile, angeshuka hadi kama 236,000. Sasa kama ndama wa umri huo kwenu anauzwa 280,000, kila uliyemuuza umempa mnunuzi na 20,000 juu, halafu ukamshukuru kwa kuja.

Mimba ya ng'ombe huchukua siku 283 hivi. Ukitaka jike akupe ndama kila mwaka, baada ya kuzaa ana siku 80 na ushee za kushika mimba nyingine, na jike aliyekonda haingii joto, yaani hataki dume. Kwa hiyo kabla hujamlaumu dume, tazama mbavu za majike wako. Kisha, miezi mitatu baada ya kumtoa dume, mwite mtaalamu wa mifugo awapime mimba kwa mkono. Walio watupu uwajue na kuwauza wangali na nyama, kabla kiangazi hakijawamaliza.

Na wale ndama 4 waliokufa umewapita kimya. Kama ni ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, chanjo yake ipo. Linganisha bei ya dozi na ile 300,000.

Naomba programu nzuri ya simu ya kuweka kumbukumbu.

Daftari la kurasa 96 na kalamu iliyofungwa uzi. Aliyeshindwa kuandika tarehe ya kuzaliwa ndama kwenye karatasi hataandika kwenye kioo.

Nilinunua maksai 10 kwa 700,000 kila mmoja, nikanenepesha siku 90, nikauza 1,000,000. Faida milioni 3, siyo? (Msomaji, Shinyanga)

Siyo. Umesema mashudu, pumba na molasi vilikula 2,500 kwa siku kwa kila ng'ombe. Hiyo ni 225,000 kwa kichwa, 2,250,000 kwa wote. Imebaki 750,000. Kibarua wa 150,000 kwa mwezi, miezi mitatu, toa 450,000. Katika 300,000 iliyobaki kuna dawa, ushuru wa mnada na gari. Nadhani gari peke yake lilikutosha.

Kosa kubwa ni kwamba hukupima uzito hata siku moja. Ng'ombe anayeongeza kilo 0.7 kwa siku amepata kilo 63 kwa siku 90, na kila kilo imekula chakula cha shilingi 3,570 hivi. Wengine huongeza vizuri wiki za mwanzo kisha hupungua kasi, nawe unaendelea kumwaga mashudu. Minada mingi bei bado hukatwa kwa macho, sawa, lakini mizani ni ya kukuambia wewe siku ya kuuza, si ya kumwambia dalali.

Sina hela ya mizani.

Nunua utepe wa kupimia kifua, nyuma tu ya miguu ya mbele. Unakisia, ndiyo, ila mpime ng'ombe yule yule, kwa mkono ule ule, asubuhi kabla hajanywa. Lita 30 za maji ni kilo 30, usije ukasherehekea maji.

Mwaka wa ukame niliuza ng'ombe 30, nikapata milioni 24. Mbona mke wangu anasema tumefilisika? (Msomaji, Kongwa)

Msikilize shemeji. Umeandika kwamba mwaka ulianza na ng'ombe 90, ukaisha na 64. Wapige bei moja, tuseme 600,000, na zizi limepungua kwa milioni 15.6. Iliyobaki ni milioni 8.4, na bado hujatoa gharama, wala ujira wa watoto wanaochunga "bure" huku wakikosa shule. Hapo hapo Kongwa Waingereza walianza mradi wa karanga mwaka 1947 kwa kuhesabu ekari na matrekta. Mvua na udongo walikuja kuviuliza baadaye, na mwaka 1951 wakaufunga.

Kuna jike hajazaa miaka 3, lakini alitoka kwenye mahari ya dada yangu. Nimuuze?

Muuze. Ukimwonea haya dada yako, mpeleke huyo jike mnada wa mbali.