Mwanangu, kulazwa si kulala hospitali

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa jana nimeupata. Unajaza fomu ya bima, umefika kwenye swali "Je, umewahi kulazwa hospitali?" ukakwama, kwa sababu mwaka jana ulitundikiwa dripu ukakaa kitandani tangu saa kumi jioni hadi saa nne usiku, kisha ukarudi kwako. Unauliza kama kule ni kulazwa. Jibu langu ni hapana, lakini usiitume fomu kwanza. Nisome mpaka chini.

Lala, laza, lazwa. Anayelala kalala mwenyewe. Aliyelazwa, yupo aliyemlaza, na huyo ni daktari, hata kama hakumgusa bega. Ni kama kimbia na kimbiza: mgonjwa "aliyekimbizwa hospitali" hakukimbia hata hatua moja. Kwa hiyo kulazwa ni uamuzi. Daktari ameona usirudi nyumbani, akaandika hivyo kwenye faili. Ndipo unapewa kitanda wodini, unafungwa utepe wa jina mkononi, unaulizwa dawa unazotumia na kama ipo inayokudhuru, na kesho yake asubuhi madaktari wanakupitia kwenye raundi.

Dripu peke yake haitoshi. Wapo wanaotundikiwa chupa tatu chumba cha dharura, wakapata nafuu, wakaenda zao, na kwenye daftari wakabaki wagonjwa wa nje. Wapo hata wanaokaa mpaka alfajiri wakisubiri majibu ya vipimo, na bado hawajalazwa, wako kwenye uangalizi tu. Kitanda ni kile kile. Tofauti iko kwenye karatasi. Ukiwa na shaka, tafuta karatasi ya kuruhusiwa. Huandikwa tarehe ya kulazwa, tarehe ya kutoka, na ugonjwa wenyewe. Na kuruhusiwa nako usikuchukulie kuwa ni kupona. Wengi huruhusiwa wakamalizie dawa nyumbani.

Siku hizi nawasikia vijana wakisema "ameadmitiwa". Siwagombezi, ila sioni kilichopungua kwenye kulazwa. Ndilo neno tunalotumia kwa mtoto mchanga: mlaze taratibu, usimwamshe. Hospitali imelichukua hapo hapo, na mimi nalipenda kwa sababu hiyo.

Ila nakuomba uwe mwangalifu unapoliandika kwenye simu. Juzi nilikuandikia "shangazi yako alilazwa", ukanipigia huku sauti inatetemeka. Ungeitazama ile -li-, mwanangu. Alilazwa, kwa kawaida maana yake yameshapita, huenda karudi nyumbani. Amelazwa, maana yake sasa hivi yuko wodini. Na kamwe usimwandikie mtu "amelala" ukikusudia amelazwa. Kuna watu ambao kwao kulala ndiyo namna ya upole ya kusema mtu amefariki. Utawaliza watu bure. Wala neno hili halimaanishi mtu yu mahututi. Mwingine hulazwa leo akitembea kwa miguu yake, ili aandaliwe kwa upasuaji wa kesho. Basi ukitoa taarifa ya mgonjwa usiishie kwenye "amelazwa". Ongeza kinachomsumbua, na kama anaongea na anakula. Maneno hayo machache yanamtuliza aliye mbali.

Sasa nirudi kwenye fomu. Dripu ya mwaka jana haikuwa kulazwa, lakini wewe umewahi kulazwa. Ulikuwa na miaka minne, hukumbuki. Ilikuwa nimonia. Ulikuwa unapumua mbavu zinabonyea, na daktari alipokusikiliza mgongoni hakusema maneno mengi: "Mama, huyu tunamlaza." Wakakuwekea mpira wa oksijeni puani na kanula, kile kijimrija cha kupitishia dawa kwenye mshipa, mkononi, na kwa kuwa ulikuwa unakunja mkono kila mara, muuguzi alikata kipande cha boksi la dawa, akakizungushia bandeji, akakufungia chini ya kiwiko. Ukadhani ni mdoli. Ulikuwa unakipapasa ukiwa umefumba macho, na mimi nikawa naangalia tumbo lako likipanda na kushuka, nikihesabu. Mimi nililala pale kwenye kiti, kichwa juu ya godoro lako. Wewe ulilazwa, mimi nililala tu. Jina langu halimo kwenye faili lolote.

Tuliingia Jumanne jioni, tukaruhusiwa Jumapili asubuhi. Hospitali nyingi huhesabu waliomo wodini saa sita za usiku, na saa hiyo ilitupitia mara tano, kwa hiyo ni siku tano.

Jaza "Ndiyo". Penye maelezo andika: nimonia, umri miaka minne, siku tano, nilipona kabisa. Usiliache kwa kuwa ni la zamani; bima ikigundua jambo ambalo hukulitaja inaweza kukataa kulipa siku utakapoihitaji. Dripu nayo itaje kama kuna sehemu ya matibabu ya nje. Ile karatasi ya kuruhusiwa ninayo, imekunjwa mara nne ndani ya kadi yako ya kliniki. Nitaipiga picha kesho kukipambazuka nikutumie.

Mama yako