Maswali yenu: mgonjwa wa akili na kufungiwa

Kijana wangu hataki dawa, usiku avunja vyombo na kututishia. Naweza kumpeleka hospitali kwa nguvu? – Mama, Kisauni

Waweza, mama, ila si kwa sababu tu ana maradhi ya akili. Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya ya 1989, iliyorekebishwa 2022, yaruhusu jamaa kuomba mgonjwa alazwe bila hiari yake, lakini daktari lazima ampime. Mweleze daktari vitisho vyenyewe. "Mwanangu mwehu" haimsaidii. Polisi au chifu wakiitwa, kazi yao ni kumfikisha hospitali, si kumtupa seli. Na msimdanganye kwamba mwaenda harusini. Mkishamtia hospitali ya akili ya Port Reitz kwa hila, dawa zenu hatazigusa tena.

Ndugu yetu yuko kwa mganga, amefungwa mnyororo mpaka pepo atoke. Sheria yasemaje? – Likoni

Mfungueni leo. Kusomewa na kuzinguliwa ni hiari yenu. Mnyororo ndio kosa. Kifungu cha 29 cha Katiba chakataza ukatili, na kumfungia mtu isivyo halali ni jinai hata kama ni nyinyi mliompeleka na kulipa. Mganga akikaza, nendeni Mahakama Kuu hapa Mombasa: kifungu cha 22 chamruhusu yeyote kumsemea asiyeweza kujisemea, na kufungua ombi hilo hakuna ada.

Kenya iliridhia mwaka 2008 mkataba wa Umoja wa Mataifa usemao ulemavu usiwe sababu ya kumnyima mtu uhuru. Mbona bado twawafungia wagonjwa wa akili? – Mwanafunzi wa sheria, Tudor

Hapo wakubwa wenyewe hawaelewani. Kamati ya mkataba huo, iliyoko Geneva, katika miongozo yake ya 2015, yakataa mgonjwa kufungiwa hata pale sababu ya ulemavu inapoongezewa neno "hatari". Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, tangu kesi ya Winterwerp ya 1979, yaruhusu, mradi daktari athibitishe maradhi, yawe makubwa kiasi cha kulazimu afungiwe, na mtu aachiliwe yakiisha. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika kesi ya Purohit na Moore dhidi ya Gambia ya 2003, iliilaumu sheria ya kikoloni iliyowanyima wagonjwa rufaa, lakini ikasita kusema haki yao ya uhuru imevunjwa. Kusita huko sikupendi. Mlevi anayetishia mtaa kila Ijumaa hafungiwi kwa kukisia atakalofanya kesho. Mgonjwa kwa nini? Ila siwezi kumwambia mama wa Kisauni asubiri Geneva wamalize mjadala.

Dada yangu amepona, hospitali ya kibinafsi yamzuia kwa bili. – Majengo

Atoke. Deni hudaiwa kwa kesi ya madai. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwazuia kina mama wawili katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, kwa sababu ya bili kulivunja haki zao. Mkiondoka, chukueni barua ya kuruhusiwa na orodha ya dawa zake.