Nyumba ya likizo Frigiliana: uliza ngazi kabla ya kuuliza mandhari

Tulipofika katikati ya mlima, Mama aliketi. Aliweka mkoba wake mapajani, akalishika goti la kulia kwa viganja viwili, akatazama juu alikokuwa mume wangu na sanduku begani kama mtu aliyebeba gunia. Ilikuwa saa tano za usiku, mwezi wa Agosti, na ukuta aliouegemea ulikuwa bado na joto la mchana. "Mwanangu, zimebaki ngapi?" Sikujua. Nilikuwa nimeitazama nyumba ile kwenye simu kwa wiki tatu, najua rangi ya mito ya kochi, najua bahari inavyoonekana kutoka juu ya paa, lakini idadi ya ngazi sikuijua.

Zilikuwa 146. Nilizihesabu asubuhi yake.

Tangazo lilisema "dakika tatu kutoka maegesho ya magari", na kusema kweli, kijana asiye na mzigo anafika kwa dakika tatu. Mwenye nyumba hakudanganya. Mimi ndiye niliyekosa kuuliza, na Mama ndiye aliyelipia kosa langu kwa siku saba: alishuka kijijini mara mbili tu. Tangu hapo nimerudi Frigiliana mara tatu, kila mara nyumba tofauti, na ninayoyaandika hapa ni yale ambayo ningependa mtu angeniambia mwaka ule.

Frigiliana ni kijiji cheupe kilichopandana mlimani, kusini mwa Hispania, jimbo la Andalusia, mkoa wa Málaga, kilomita kama sita juu ya mji wa pwani wa Nerja. Nyuma yake kuna milima ya Almijara, mbele yake Mediterania. Kutoka uwanja wa ndege wa Málaga ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Kina sehemu mbili: upande wa chini ulio mpya, wenye barabara za kawaida, na mtaa wa kale huko juu, ambao ndio kila mtu anaupiga picha. Huo mtaa wa kale ulijengwa na Waislamu wa Andalusia, na sehemu kubwa yake haipitiki kwa gari. Vichochoro vyake ni vyembamba ili jua lisifike chini, vimetandazwa vijiwe vya mtoni, na kila penye mwinuko mkali pana ngazi. Aliyezaliwa Lamu au Mji Mkongwe hatashangaa upana wa njia. Atakachoshangaa ni kwamba njia zote zinapanda.

Basi swali la kwanza kwa mwenye nyumba lisiwe bei. Muulize: kutoka mahali gari au teksi inaponishusha hadi mlangoni, kuna ngazi ngapi? Halafu: ndani ya nyumba kuna ngazi ngapi, na choo kiko ghorofa ipi? Nyumba hizi zimejengwa kwa kupanda, chumba juu ya chumba. Tumewahi kukaa kwenye moja ambayo jiko lilikuwa chini kabisa, vyumba vya kulala katikati, na bafu pekee juu, karibu na paa. Mzee anayeamka usiku mara mbili atapanda ngazi mara mbili gizani. Siku hizi naomba video fupi: mwenye nyumba ashike simu, atembee kutoka maegesho hadi mlangoni, aingie, apande hadi juu. Wengi wanakubali bila shida. Aliyekataa na kuniambia "usijali, ni karibu" sikukodi kwake.

Na mizigo. Sanduku la magurudumu halina kazi kwenye vijiwe vile. Linaruka, linapiga kelele, gurudumu linang'oka. Chukua mabegi ya mgongoni. Asubuhi moja tulisikia kwato chini ya dirisha, tukachungulia: nyumbu anapandisha mifuko ya saruji, miwili kila ubavu, mwenyewe anamfuata nyuma akimzungumzisha polepole. Nyumba ya jirani ilikuwa inakarabatiwa. Mahali ambapo saruji bado inapandishwa na nyumbu, wewe na sanduku la kilo 23 mjipange.

Sasa nyumba yenyewe. Kuta ni za mawe, nene, zimepakwa chokaa mwaka baada ya mwaka. Uzuri wake ni kwamba mchana wa Agosti ndani kuna ubaridi wa kupendeza, mradi ufunge madirisha saa nne asubuhi na kuyafungua jua likizama. Wageni wengi hufanya kinyume, kisha wanalalamika joto. Kuna upepo mkavu unaoshuka kutoka bara, wenyeji wanauita terral. Ukivuma, hata kivulini unahisi mtu amefungua mlango wa tanuri. Siku hizo kiyoyozi si anasa. Kanuni za Andalusia zinazitaka nyumba za watalii ziwe nacho kwa miezi ya joto, lakini majengo ya kale yanayohifadhiwa yanaweza kusamehewa, kwa hiyo usikisie. Uliza kipo chumba gani, maana mara nyingi kipo sebuleni peke yake.

Ubaya wa kuta hizo ni miwili. Intaneti haipiti: ukiwa na kazi ya kufanya, uliza kifaa kiko ghorofa ipi. Na kuanzia Novemba hadi Machi nyumba inakuwa baridi kuliko nje, sakafu ya vigae inauma miguu, nguo hazikauki. Tulikwenda Januari mara moja, tukavaa makoti mezani. Ukikodi majira hayo, hakikisha kuna kipasha joto cha maana, na uliza umeme unalipwa na nani.

Umeme unataka maelezo zaidi, kwa sababu umewakosesha raha watu wengi. Hispania kila nyumba ina kiwango cha umeme ilichojiandikishia, na nyumba nyingi ndogo za kale ziko kwenye kilowati tatu na kitu. Birika la umeme peke yake ni kama mbili. Ukiwasha birika, tanuri na kiyoyozi kwa pamoja, swichi kuu inakata na nyumba yote inazimika. Hakuna kilichoharibika, zima kimoja, rudisha swichi. Siku ya kwanza muulize mwenye nyumba boksi la swichi liko wapi, kabla hujalitafuta gizani. Maji ya moto nayo mara nyingi yanatoka kwenye hita ya gesi yenye mtungi wa rangi ya chungwa, wanauita butano, kilo 12.5. Uliza kama mtungi wa akiba upo. Sisi ulituishia Jumapili, Mama akiwa na sabuni mwilini.

Sehemu ya fedha naipitia haraka. Nyumba halali ya watalii Andalusia ina namba ya usajili inayoanza na VFT au VUT, kisha MA kwa mkoa wa Málaga. Namba hiyo inatakiwa ionekane kwenye tangazo, isipoonekana, iombe. Mtu akikuambia muachane na mtandao mliokutania umtumie pesa moja kwa moja benki ili akupunguzie, acha, hata picha ziwe nzuri namna gani. Mwenye nyumba akikuomba taarifa za pasipoti za watu wote mtakaolala humo, hiyo ni sheria yao, anawajibika kuzipeleka serikalini. Usimtumie tu nakala ovyo ovyo kwenye simu; uliza kama ana fomu ya kujaza. Amana iandikwe: kiasi gani, na inarudi lini.

Kwa anayemleta mzazi kutoka nyumbani, kama mimi ninavyomleta Mama kutoka Pangani kuja kwetu Ujerumani, kuna la ziada. Visa ya Schengen, yaani visa moja ya nchi nyingi za Ulaya, inaombwa kwenye ubalozi wa nchi atakayokaa siku nyingi zaidi. Mama hukaa kwetu wiki sita na Hispania wiki moja, kwa hiyo anaomba ya Ujerumani, na safari ya Frigiliana tunaiandika wazi kwenye ratiba. Maombi yanaweza kupelekwa hadi miezi sita kabla ya safari, ada ya mtu mzima ni yuro 90, na bima ya afya isipungue yuro 30,000. Nyumba ikodi yenye ruhusa ya kughairi bure mpaka visa itoke. Nyumba za bei nafuu zaidi ndizo mara nyingi hazirudishi pesa, na mwaka mmoja nilipoteza nusu nzima ya malipo kwa sababu visa ilichelewa siku nne.

Watu wa nyumbani huniuliza kwa nini narudi kijiji hicho hicho wakati Hispania ni kubwa. Sababu mojawapo ni historia iliyoandikwa kwenye kuta zake. Ukipanda mtaa wa kale utakutana na vibao vya vigae, kimoja baada ya kingine, vinavyosimulia vita vya 1569. Mfalme Felipe wa Pili alikuwa amewapiga marufuku Wamorisko, yaani Waislamu waliobatizwa na wazao wao, kutumia lugha ya Kiarabu, mavazi yao na desturi zao. Wakaasi mwishoni mwa 1568. Huku walijikusanya kwenye jabali lililo juu ya kijiji, wakashindwa, na ardhi yao ikapewa wengine. Nilimsomea Mama kibao kwa kibao, tukipumzika kwenye kila kimoja. Alipofika cha mwisho aliuliza watoto wao walikwenda wapi. Nilimwambia wengi walitawanywa, na kuanzia 1609 waliobaki Hispania walifukuzwa. Alisimama pale muda.

Lakini maneno yao yalibaki, na hapa ndipo Mama alipofunguka. Mhispania anasema azúcar, sisi sukari. Anasema aceituna, sisi zeituni. Fulano ni fulani. Hata hasta mañana, ile hasta inatokana na Kiarabu kilekile kilichotupa hata, kama wazee wa pwani wanavyosema "hata asubuhi" wakimaanisha mpaka asubuhi. Mama hajui Kihispania, lakini dukani alikuwa akisikiliza kama mtu anayetafuta jamaa zake kwenye umati.

Kisha kuna asali ya miwa. Chini ya mtaa wa kale limesimama jengo kubwa liitwalo El Ingenio, zamani kasri la mabwana wa eneo, ambamo mpaka leo inatengenezwa asali hiyo, yaani maji ya miwa yaliyochemshwa hadi yakawa mazito na meusi. Inasemekana ndicho kiwanda cha mwisho cha aina hiyo Ulaya. Miwa ililetwa Andalusia na Waislamu, ikalimwa pwani hii kwa karne nyingi; mavuno makubwa ya mwisho Hispania yalikuwa 2006. Wenyeji wanaimwaga asali hiyo juu ya biringanya zilizokatwa nyembamba na kukaangwa. Mama alichovya kidole, akafumba macho. "Sukari guru," alisema. "Hii ni sukari guru kabla haijaganda." Bonde la mto Pangani lilikuwa na mashamba ya miwa karne ya kumi na tisa, na babu yake Mama aliwahi kumsimulia juu ya vinu vilivyozungushwa na ngamia. Alikula sahani mbili.

Nyumba ya mara ya pili tuliipata pembeni ya mtaa wa kale, karibu na barabara. Haina bahari, dirisha linatazama bonde na bustani ya maparachichi. Kwa picha hizo mbili ningeipita bila kuitazama mara ya pili. Lakini ina ngazi kumi na moja tu kutoka barabarani, choo chini, na kizingiti kipana. Jioni watu wa mtaa hutoa viti vyao nje ya milango kupunga upepo. Jirani, mama wa makamo ya Mama, alimwona amesimama, akaingia ndani akatoka na kiti cha pili. Walikaa mpaka saa nne usiku, kila mmoja na lugha yake. Kesho yake Mama alimpelekea maandazi.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa mnaokwenda na kundi: vichochoro vile vinabeba sauti. Mkicheka juu ya paa saa sita za usiku, mtaa mzima unawasikia, na kati yao kuna mtu anayeamka alfajiri kwenda kazini. Watu wa Málaga waliandamana kwa maelfu mwaka 2024 kwa sababu nyumba za watalii zimewapandishia kodi ya pango, na wana haki ya kuumia. Nunua mkate na matunda kwa duka la kijiji badala ya kupakia kila kitu Nerja. Salimia, "buenas" inatosha asubuhi hadi usiku. Takataka zishushe mwenyewe kwenye mapipa. Duka hufungwa mchana, kwa hiyo maji na maziwa ya mtoto yanunuliwe kabla ya saa nane.

Mchana kijiji hujaa wageni wa siku moja. Kuanzia saa tano hadi saa kumi na moja sisi hushuka Nerja kuogelea, au hulala. Basi dogo lipo kati ya Nerja na Frigiliana, ila Jumapili na sikukuu hakikisha ratiba kwanza. Mwenye gari akodi dogo, na aulize maegesho yanalipiwa kiasi gani kwa siku.

Na ukinunua asali ya miwa, iweke kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege, imefungwa ndani ya mifuko miwili. Kwa watu wa ukaguzi ni kimiminika. Chupa ya Mama ilibaki Málaga mwaka wa kwanza, na mwaka uliofuata alibeba tatu, kazizungushia kanga.