Mlango wa siri: pistoni ni kazi ndogo, kazi iko kwenye repita

Juzi dogo mmoja wa Ngarenaro, Arusha, anayecheza Minecraft, ule mchezo wa kujenga kwa bloku, kaniandikia: "Shikamoo kaka. Nimejenga ule mlango wa siri wa Minecraft kama ulivyo kwenye video. Nikifungua, bloku zinarudi nyuma halafu zinagoma hapohapo katikati, sipiti. Nisaidie." Akaniwekea na video yenyewe. Video si yangu, ni ya jamaa niliyemwonyesha mlango akaurekodi. Mlango ni wangu, mpaka ile fremu ya samaki.

Acha niutue huo uchungu kwanza.

Sisi tunacheza jioni hapa Pasua, Moshi, kwenye kibaraza cha fundi simu. Dunia yetu imo kwenye simu ya jamaa mmoja, anawasha hotspot, wengine tunaingia. Akienda kula, dunia imefungwa. Na humo ndani wizi ulikuwa ndio mchezo wenyewe: unaacha almasi kwenye sanduku, kesho unakuta mkate na kibao cha matusi. Nikawaambia nitachimba chumba mlimani na mlango hamtauona. Walicheka sana. "Mangi anafungua benki!" Jina hilo nimelibeba mpaka leo, hata mama wa chapati ananiita Benki.

Nilichagua mlango wa Jeb, ulioitwa hivyo kwa ajili ya Jens "Jeb" Bergensten wa Mojang, kampuni yenye Minecraft, kwa sababu ukifungwa unalala sawasawa na ukuta, hauachi hata ufa. Upana bloku 2, kimo bloku 2. Bloku hizo nne zinavutwa nyuma kwanza, ndipo zinakwenda pembeni. Zinahitajika pistoni za kunata 12 (pistoni husukuma bloku, ya kunata huivuta pia): nne zimeshika bloku kwa nyuma, nne za pembeni zinavuta bloku, na nne nyingine za pembeni zinazivuta zile pistoni za nyuma zenyewe, maana nazo zisipoondoka zinaziba njia. Piga hesabu: vyuma 12, mawe 48, mbao 36, vumbi la redistoni 12 (ndilo waya wa umeme wa mchezo huu), na ute 12 wa slaimu, wale viumbe wa utelezi. Hapo bado vumbi la kutandaza. Mawe na mbao si shida. Ute ndio kazi; nenda kwenye kinamasi usiku mwezi ukiwa mpevu, slaimu huwa wengi zaidi. Habari za kinamasi sitawachosha nazo.

Sasa sikilizeni. Pistoni iliyonyooka haisukumwi wala haivutwi na pistoni nyingine. Mambo yote ya mlango huu yanatoka kwenye kanuni hiyo moja. Ukifungua, za nyuma lazima ziwe zimeshajikunja ndipo za pembeni zivute. Ukifunga, za pembeni zinatangulia, za nyuma zinafuata. Na kwa kuwa umeme ukiwaka mlango hufunga, ukizima hufunguka, za pembeni ziwahi kuwaka na zichelewe kuzima. Za nyuma zichelewe kuwaka na ziwahi kuzima. Nilikaa na jambo hili usiku mzima wa mgao wa umeme, simu ina asilimia chache, nachora njia za vumbi nyuma ya daftari la dada yangu la VICOBA.

Jibu lake: umeme wa pembeni ugawe njia mbili, fupi na ndefu, zikutane mbele. Repita hupitisha umeme upande mmoja tu na kuuchelewesha, alama ya kwanza hadi ya nne. Njia fupi ina repita moja ya alama ya kwanza. Njia ndefu ina repita mbili, zote alama ya nne. Usithubutu kuiacha njia fupi vumbi tupu, kwa sababu umeme wa njia ndefu utarudi kinyumenyume, uanze kuzunguka, na mlango hautafunguka tena mpaka ubomoe. Kwa pistoni za nyuma tumia kipande hichohicho, ila njia ndefu repita moja tu, na uweke tochi ya redistoni, ambayo huzima ikipata umeme, mwanzo na nyingine mwisho ili kigeuke. Tochi nazo zinachelewesha, sehemu ya kumi ya sekunde kila moja, kama alama moja ya repita. Ndiyo maana njia ndefu ya pembeni nikaiongezea repita ya pili.

Huyo aliyeninakili repita ya pili ameiacha. Nadhani aliiona pambo. Nilimfungulia chumba mwenyewe, nikamwonyesha mgongo wa mlango kwa roho nyeupe, yeye kumbe anarekodi. Wiki haikuisha video iko hewani, watu wanampa moyo na pongezi, "fundi, fundi". Jina langu halipo. Sasa mlango wa dogo wa Ngarenaro umekwama palepale aliporuka. Za pembeni zinazima mapema, zinajikunja mikono mitupu wakati za nyuma bado hazijamaliza kujikunja. Nimecheka? Nimecheka kidogo.

Wadogo zangu, acheni kunakili msichokielewa. Video nyingi za milango zimetengenezwa kwenye toleo la Java la kompyuta, na sisi wengi tuko kwenye simu, yaani Bedrock. Kwenye Java pistoni huweza kuwaka kwa umeme uliopita juu yake bila kuigusa. Bedrock haina kitu hicho. Utafuata video bloku kwa bloku, utalaumu simu, utalaumu bando, na kosa si lako wala si la bando. Elewa kwa nini, usiangalie wapi tu. Nalisema hili kila mara na nitaendelea kulisema, kwa sababu kijana anayejua kwa nini repita ipo pale hata akiibiwa mlango atajenga mwingine.

Na swichi. Watu wanahangaika na pistoni, kisha wanabandika wenzo ukutani, kila mtu anauona. Mimi nilitundika fremu tano mfululizo kama mapambo, kila moja na samaki wake. Nyuma ya bloku yenye fremu ya pili kuna komparata, kifaa kinachosoma fremu na kutoa umeme. Kitu kwenye fremu ukikizungusha kina mikao 8, na komparata inatoa nguvu 1 hadi 8 kwa kufuata mkao. Umeme hupungua nguvu moja kwa kila kipande cha vumbi, kwa hiyo tandaza vipande 8 mpaka kwenye repita: mkao wa nane tu ndio unaofika. Kisha tochi, kwa sababu mlango huu unakaa umefungwa ukiwa na umeme. Jamaa wamepita mbele ya samaki wale, wamechimba kushoto, wamechimba juu, mmoja akaiba samaki wa nne.

Siri yako itavujia kwenye kelele. Pistoni 12 zikigonga pamoja, aliye karibu anasikia. Mimi nafungua wakati jamaa wako mgodini tu, na nikishaingia nafunga kwa wenzo wa ndani.